Chama cha Hisabati: Anzeni na Maji ya Mvua

Mwanafunzi anayeogopa hisabati anahitaji swali linalomhusu. Walimu wa Kalama, ombeni idhini ya mwalimu mkuu, tengeni saa moja kila wiki, na wanachama wachague mwenyekiti na katibu.

Katika mkutano wa kwanza, pimeni eneo lililofunikwa na paa la darasa. Likiwa mita 8 kwa 6, ni mita mraba 48. Mvua ya milimita moja huleta lita moja kwa kila mita mraba. Basi milimita 10 ni lita 480. Je, tangi la shule litatosha?

Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Wanafunzi wabishane, wapime tena, na aliyekosea aeleze hesabu yake bila kuchekwa. Hapo ndipo woga huisha.