Unataka Kuchimba Bitcoin kwa Mashine ya Mtumba? Piga Hesabu ya Stima Kwanza

Matangazo yamejaa mtandaoni: "Mashine ya kuchimba bitcoin, iko sawa, bei ya kutupa." Picha inaonyesha mashine inawaka taa, feni zinazunguka, na muuzaji anakuahidi pesa ikiingia hata ukiwa umelala. Kabla hujatoa akiba yako, au mbaya zaidi kabla hujakopa kwa simu, soma hii makala hadi mwisho. Tutaangalia uchimbaji unavyofanya kazi, hesabu ya kufanya, mambo ya kukagua kwenye mashine, na jinsi ya kulinda pesa zako wakati wa kulipa na kulipwa.

Kuchimba ni nini hasa?

Hakuna jembe hapa. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, haina benki ya kuandika nani amemtumia nani. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta duniani kote zinazoshindana kubahatisha namba fulani. Kila dakika 10 hivi mshindi mmoja anapatikana, anaongeza ukurasa mpya wa miamala na kupewa zawadi. Zawadi hiyo hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Mwanzo ilikuwa bitcoin 50. Tangu Aprili 2024 ni 3.125.

Mashine moja ikishindana peke yake inaweza kukaa miaka bila kushinda. Ndiyo maana wachimbaji hujiunga pamoja, kama chama. Kila mmoja analeta nguvu ya mashine yake, na zawadi ikipatikana inagawanywa kulingana na mchango. Mwenye kuendesha chama hukata ada, mara nyingi asilimia 1 au 2, wengine zaidi.

Kwa hivyo mapato yako yanategemea mambo matatu: nguvu ya mashine yako, nguvu ya wengine wote, na bei ya sarafu. Matumizi yako makubwa ni moja: stima.

Mbona mashine za mtumba ni rahisi hivyo?

Utakutana na aina mbili sokoni.

Ya kwanza ni ASIC, mashine iliyotengenezwa kwa uchimbaji tu. Huwezi kuitumia kuandika barua wala kucheza gemu. Maarufu kwenye soko la mtumba ni Antminer S9, iliyotoka 2016.

Ya pili ni fremu yenye kadi za picha kadhaa, mara nyingi sita, kama RX 580. Nyingi zilikuwa zikichimba Ethereum. Lakini tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa mfumo wa uchimbaji, na kadi nyingi zikakosa kazi siku hiyo hiyo. Bado zinaweza kuchimba sarafu ndogo kama Ravencoin au Ethereum Classic, ila mapato si yale ya zamani.

Kwa maneno mengine, anayekuuzia si lazima awe tapeli. Huenda amepiga hesabu akaona haimlipi. Swali ni kama wewe utaona tofauti.

Hesabu yenyewe

Chukua risiti yako ya mwisho ya tokeni. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Ukilipa shilingi 1,000 ukapata yuniti 36, kila yuniti imekugharimu kama shilingi 28. Hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote.

Sasa tuijaribu Antminer S9:

- Inakula wati 1,320 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni yuniti 31.7.
- Kwa shilingi 28, stima ya siku moja ni kama shilingi 887.
- Nguvu yake ni terahashi 13.5 kwa sekunde. Mwaka 2024 mtandao mzima wa Bitcoin ulivuka terahashi milioni 600, na 2025 ukapita milioni 900. Tukupendelee, tutumie ile ndogo ya milioni 600.
- Kwa siku mtandao hutoa bitcoin mpya 450 hivi. Fungu lako ni kama bitcoin 0.00001.
- Tuseme bitcoin moja ni shilingi milioni 10. Umepata shilingi 101.

Umelipa 887 ili upate 101. Kila siku unapoteza kama shilingi 786, na kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 23,000. Hata bei ya bitcoin ikipanda mara mbili, bado hujafika. Ili urudishe tu pesa ya stima, yuniti moja ingepaswa kuwa kama shilingi 3.20.

Labda unasema, basi ninunue mashine ya kisasa kidogo. Antminer S19 Pro, ya 2020, ina terahashi 110 na inakula wati 3,250. Kwa hesabu ile ile inaingiza kama shilingi 825 na kula stima ya shilingi 2,184. Afadhali kidogo, lakini bado ni hasara.

Kwa fremu ya kadi sita inayokula wati 900, stima ni kama shilingi 605 kwa siku. Ingia kwenye kikokotoo kama WhatToMine, weka aina ya kadi zako na bei yako ya yuniti, uone kama itafika huko. Fanya hivyo siku unayotaka kununua, maana namba hubadilika kila siku.

Kumbuka pia jinsi stima ya nyumbani inavyopangwa. Kundi la chini kabisa ni la wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. S9 moja inamaliza hizo kwa siku moja. Ukipanda kundi, hata taa na friji yako zinaanza kulipiwa kwa bei ya juu.

Kuna Mkenya anayechimba na kupata faida?

Wapo, ila hawatumii tokeni za nyumbani. Kampuni ya Gridless, kwa mfano, huweka mashine karibu na mitambo midogo ya kuzalisha umeme vijijini, kama ya maji kule Murang'a, na kutumia umeme ambao ungekosa mnunuzi. Wanacho wao ambacho wewe huna ni stima ya bei ya chini sana. Kama una mtambo wako wa sola uliokwisha kulipiwa na unabaki na umeme mchana, hesabu yako ni tofauti. Kama hauna, jua unashindana na watu kama hao.

Bado unataka? Kagua haya

1. *Iwashwe mbele yako.* Ikimbie angalau saa moja. Fungua ukurasa wake kwenye kompyuta uone terahashi inazotoa na joto lake. S9 ina bodi tatu ndani, zote zionekane zinafanya kazi. Picha na video si ushahidi.
2. *Safisha programu ya ndani.* Mashine ya mtumba inaweza kuwa imewekwa programu inayopeleka sehemu ya mapato kwa mwenyewe wa zamani. Weka programu mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha hakikisha anwani ya malipo ni yako.
3. *Kadi za picha ziwe na GB 8.* Za GB 4 zilianza kushindwa na Ethereum tangu mwisho wa 2020, na sarafu nyingine nazo huhitaji nafasi zaidi kadiri muda unavyoenda.
4. *Soketi na waya.* Soketi ya kawaida ni ya ampia 13, yaani kama wati 3,120 kwa volti 240. S19 Pro inazidi hapo. Hata S9 isichomekwe kwenye ekstensheni ya bei rahisi, kwa sababu inakula stima usiku na mchana bila kupumzika. Mwite fundi wa stima aliye na leseni kabla nyumba haijashika moto.
5. *Kelele na joto.* ASIC inapiga kelele kama mashine ya kufyonza vumbi, saa 24. Kwenye ploti ya kupanga, majirani na mwenye nyumba watakutafuta.

Linda pesa zako kwenye simu

*Unaponunua:* usitume "deposit ya kushikilia mzigo" kwa mtu hujamwona. Lipa baada ya kukagua, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama jina la till si la muuzaji, uliza kwanza. Pesa ulizotuma kwa hiari yako zikishatumiwa na mpokeaji, kuzirudisha ni vigumu.

*Unapouza sarafu zako:* Wakenya wengi huuza kwa soko la mtu kwa mtu, mnunuzi akituma pesa kwa simu. Kuna hatari mbili hapa. Kwanza, SMS ya uongo: angalia salio lako, usiamini ujumbe peke yake. Pili, pesa ya wizi: jina la aliyetuma lazima lifanane na jina la mnunuzi. Ukipokea kutoka kwa mtu wa tatu, huenda ni mtu aliyelaghaiwa. Akiripoti, laini inayofungwa ni yako, na sarafu zimeshaenda.

*"Uchimbaji" usio na mashine:* ukiambiwa ulipie tu kifurushi, mashine ziko ng'ambo, na ulete marafiki upate bonasi, kimbia. BitClub Network ilifanya hivyo kuanzia 2014 hadi 2019. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema ilikusanya angalau dola milioni 722.

Ukitumia kampuni ya kubadilisha sarafu, uliza kuhusu leseni yake. Sheria ya 2025 kuhusu watoa huduma za mali za kidijitali imeipa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu hilo. Weka pia rekodi ya mapato na gharama zako kwa ajili ya KRA.

Njia rahisi ya kujifunza

Kama lengo lako ni kuelewa, hauhitaji kununua chochote. Monero inachimbwa na kompyuta ya kawaida ya mezani. Jiunge na kundi la wachimbaji, tengeneza pochi ya kidijitali, andika maneno yake ya siri kwenye karatasi, kisha iendeshe kwa wiki moja. Mapato yatakuwa senti, na kuiuza si rahisi kwa sababu baadhi ya masoko makubwa yameiondoa. Lakini utaona kwa macho yako stima imeenda ngapi na kimeingia nini. Hayo ni masomo ya bei nafuu kuliko mashine ya shilingi elfu hamsini inayokaa chini ya kitanda.

Sheria yetu ni fupi: usikope kununua mashine. Mkopo una tarehe ya kulipa, bitcoin haina.

*Makala haya ni ya elimu, si ushauri wa uwekezaji. Ukituma pesa kimakosa au ukishuku utapeli, wasiliana nasi mara moja kupitia programu yetu. Hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN yako.*