Kisukari, Gluteni na Utamu wa Chai
Kijitabu kwa wakazi wa Industrial Division, Mbale

Kuna ushauri unaopita mdomo kwa mdomo: ukiwa na kisukari, acha chapati kwa sababu ya gluteni, hamia unga wa muhogo. Anayeufuata hubadilisha unga tu, na sukari ya damu inabaki palepale au inapanda zaidi.

Gluteni si sukari

Gluteni ni protini. Ndiyo inayofanya kinyunya cha chapati kivutike bila kukatika. Imo kwenye ngano na shayiri, mazao wanayolima jirani zetu wa Kapchorwa na Kween. Haimo kwenye mahindi, wimbi, mtama, mchele, muhogo, viazi wala matoke. Lakini vyakula hivi vyote vina wanga mwingi, na wanga ukishasagwa tumboni hugeuka glukosi, hata kama gluteni haipo.

Mfanyakazi wa zamu anayekula kikomando anaweza kuendelea nacho. Apunguze chapati, maharage yaongezwe, kando kuwe na dodo au sukuma wiki. Maharage yana wanga pia, ila huingia kwenye damu polepole.

Nani aache gluteni?

Mwenye ugonjwa wa seliaki. Gluteni huifanya kinga yake ya mwili ishambulie utumbo wake mwenyewe. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale wanaoishi kwa insulini. Dalili ni kuharisha kusikoisha, tumbo kujaa gesi, kukonda, upungufu wa damu, na kwa mtoto kudumaa. Dalili nyingine hupita bila kutambuliwa: sukari inashuka mara kwa mara ingawa mgonjwa amekula. Insulini imefanya kazi yake, ila chakula hakikufyonzwa vizuri. Ukiona hivyo, mwambie daktari, na usiache ngano kabla ya kupimwa damu, maana kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao.

Sukari yenyewe

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana nusu ya hapo. Hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya vijiko 7, kwa hiyo kiasi cha siku kimeshaisha kabla ya chai. Na chai ikipikwa na sukari ndani ya sufuria, mnywaji hana cha kupunguza. Mwombe mpishi akutengee yako mapema.

Sukari ya kahawia, sukari guru na asali ya Mlima Elgon zote hupandisha sukari ya damu. Hakuna iliyo dawa. Kwenye pakiti, soma viambato: majina mengi ya sukari huishia na herufi “ose”.

Viongeza utamu

Sakarini, aspatame, sukralosi na stevia hutia utamu bila kupandisha sukari ya damu. Mwenye kisukari anaweza kuvitumia kwa kiasi. Aspatame hupoteza utamu ikichemshwa kwa muda mrefu, basi itie kikombeni. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria asiiguse kabisa. Peremende na biskuti “zisizo na sukari” ni jambo jingine: biskuti bado ni unga, na sorbitoli ikizidi huharisha. Kwa maoni yetu, pesa hiyo ingenunua mboga.

Sukari ikishuka

Hapa sukari ya kawaida ndiyo tiba. Anayetumia insulini au glibenklamidi akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, hasa baada ya kunywa pombe bila kula, kama inavyotokea kwenye sherehe za imbalu, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpe tena, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Mlaze ubavu na mkimbizeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale.