Wasiwasi Uliozidi: Yanayoweza Kufanywa Nyumbani Kabla ya Kukimbilia Vidonge

Wahudumu wa zahanati huwaona mara kwa mara wagonjwa wa aina hii: amefika akiwa ameshika kifua, moyo unamwenda mbio, vidole vimemfa ganzi na jasho linamtoka ilhali hajakimbia popote. Presha inapimwa, iko sawa. Moyo unasikilizwa, hauna kasoro. Anaambiwa hana ugonjwa, anarudi nyumbani na hofu yake ile ile, na kesho yake anapita duka la dawa kuulizia vidonge vya usingizi. Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Vidonge hivyo vinapotumiwa bila daktari huzoeleka upesi, na anayevizoea hupata shida mbili badala ya moja.

Wasiwasi si uongo wala udhaifu wa imani. Ni mfumo wa mwili wa kujihami uliowaka pasipo moto. Mtu akikanyaga nyoka kwenye nyasi, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo huongeza kasi, misuli hukaza na pumzi hufupika ili aweze kuruka. Tatizo ni kwamba mwili hauchagui vizuri. Ujumbe wa deni kwenye simu, barua ya karo au maneno ya jirani vinaweza kuwasha mfumo huo huo, na ukiwashwa kila siku, usingizi hupotea, tumbo huvurugika na mtu huwa mkali kwa watoto bila sababu.

Pumzi kwanza

Aliyeshikwa na hofu huvuta hewa haraka haraka akidhani inamkosa. Kwa kweli anatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na upungufu wa hewa hiyo katika damu ndio unaoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole, mambo ambayo humwongezea hofu zaidi. Dawa yake ni kupunguza mwendo: kuvuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4, tumbo likifura, kisha kuitoa taratibu kwa hesabu ya 6. Muda wa kutoa uwe mrefu kuliko wa kuvuta, kwa kuwa ni wakati wa kutoa hewa ndipo moyo hupunguza kasi. Dakika 5 zinatosha. Wanaosoma nyiradi au rozari polepole, bila kuharakisha, hupumua karibu kwa mwendo huo bila kuhesabu.

Zoezi hili lifanywe asubuhi na jioni mtu akiwa ametulia, maana kuogelea hakufunzwi siku ya kuzama. Na hofu ya ghafla ikija, inafaa kukumbuka kwamba kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka yenyewe. Haiui.

Kukwepa ndiko kunakolisha hofu

Jambo hili huzungumzwa kidogo mno, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mfano ni wa mama anayeuza mboga Mtwapa na kununua bidhaa zake soko la Kongowea. Siku moja akiwa ndani ya matatu iliyojaa anashikwa na hofu: pumzi inabana, anadhani anakufa, anashuka njiani. Anapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Akili imejifunza kwamba matatu ni hatari na kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa. Wiki inayofuata anamtuma kijana amnunulie mboga, analipia nauli na ujira, faida inapungua. Mwezi wa pili hataki tena kwenda hata harusi ng'ambo ya daraja. Hajaugua chochote kipya. Ni hofu imelishwa ikanenepa.

Njia ya kutoka ni kurudi kidogo kidogo, kwa ngazi. Siku za kwanza aende stejini, aingie matatu iliyosimama, aketi hapo mpaka moyo utulie, kisha ashuke. Akiizoea ngazi hiyo, apande mpaka Shimo la Tewa tu, mara ya kwanza na mtu anayemwamini, mara ya pili peke yake. Kisha Bamburi. Kisha Kongowea yenyewe, saa ambayo abiria si wengi, na mwisho saa ya msongamano. Kanuni ni moja: asishuke wakati hofu iko juu kabisa. Asubiri ianze kupungua. Akili hujifunza jambo jipya pale tu mtu anapobaki na kuona kwamba hakuna kilichotokea. Hii si kazi ya siku moja, na zipo siku atakazorudi nyuma ngazi moja. Hilo ni la kawaida.

Mwenye kumsaidia naye ana wajibu wake. Kumwambia mtu "wacha kuogopa" hakujamsaidia mtu yeyote, na kumfanyia kila kitu ili asiguswe na hofu kunamfungia ndani zaidi.

Mawazo yenye sababu

Si kila wasiwasi hauna msingi. Mzazi asiyejua karo ya muhula itatoka wapi ana haki ya kukosa raha, na kupumua taratibu hakulipi karo. Kwa mawazo ya aina hii inasaidia kutenga muda maalum, dakika 15 au 20 mchana, si kitandani, na kuyaandika yote. Kisha yatengwe: yapi yana hatua inayoweza kuchukuliwa wiki hii, yapi hayako mikononi mwake. Lenye hatua liandikiwe hatua moja ndogo na siku yake, kama vile kwenda kuonana na mwalimu mkuu Jumatatu kuomba kulipa kwa awamu. Mawazo yakirudi usiku, huambiwa yangoje zamu yao ya kesho. Linasikika kama mchezo, lakini wengi waliolijaribu kwa wiki mbili hawataki kuliacha.

Kuna ushahidi wa hapa Kenya. Katika viunga vya Nairobi, zaidi ya wanawake 400 waliopitia mateso maishani walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walikutana mara 5 na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa mpango wa Shirika la Afya Duniani: kutuliza mwili kwa pumzi, kupanga matatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwaegemea. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa madaktari, na hakuna kidonge kilichotolewa. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina nyanya walioketi kwenye benchi nje ya kliniki kusikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hapa Pwani watu husema tu "ana mawazo", na maana ni ile ile.

Kinachoingia mdomoni

Kikombe cha kahawa chungu barazani baada ya magharibi ni desturi nzuri ya kukutana na watu, lakini kwa mwenye wasiwasi kina gharama. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya saa kumi na mbili jioni nusu yake bado ipo saa tano usiku. Chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu ni vivyo hivyo. Miraa na muguka vina kathinoni, ambayo huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Mtu anayetafuna kila jioni kisha akalalamika kwamba moyo unampiga usiku aanzie hapo. Mnazi na pombe nyingine hutuliza kwa saa chache, kisha alfajiri hofu hurudi kwa nguvu zaidi.

Mchaichai hauna kafeini na unafaa kuchukua nafasi ya chai ya usiku. Ila mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana ndani yake mna nini, unaouzwa kwa chupa na kutangazwa kuwa unatibu kila kitu, si wa kuaminiwa, hasa kwa anayetumia dawa za presha au sukari.

Kutembea kwa mwendo wa haraka nako ni dawa halisi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, na kulima shambani kunahesabiwa.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia, si ya kutibiwa kwa pumzi; ni ya hospitali mara moja. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana sana na wasiwasi, kwa hiyo vipimo ni muhimu iwapo dalili zinaendelea kwa wiki kadhaa. Anayeshindwa kufanya kazi, kula au kulala naye aonwe. Aliyeandikiwa dawa za wasiwasi na daktari asiziache ghafla kwa sababu amesoma makala haya. Baadhi yake zikikatwa kwa mkupuo huleta degedege. Apunguziwe na daktari.

Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji ana mashine ya kupima presha na anaweza kumwelekeza mkazi kwenye zahanati iliyo karibu. Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, au anayeishi na mtu wa namna hiyo, anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya bila malipo. Kwa watoto nambari ni 116.