Ajabu Kabla ya Fumbo: Maoni ya Msomaji juu ya Riwaya za Kifantasia katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili anayekutana na nchi inayoelea hewani, ndugu waliogeuzwa manyani, au babu aliyerudi kutoka kaburini, aghalabu huwa amekwisha kuambiwa la kufanya kabla hajakifungua kitabu. Ameambiwa atafute fumbo. Nchi ile ni koloni, manyani wale ni husuda, na babu yule ni historia. Mazoea haya yamekita mizizi katika ufundishaji wa fasihi kiasi kwamba mwanafunzi wa shahada ya pili aweza kuandika kurasa ishirini juu ya Kusadikika bila ya kuonyesha hata mara moja kwamba alishangaa.

Makala haya yanalitazama suala hilo kwa upande wa msomaji: riwaya chache zilizotungwa kati ya 1951 na 2002 zinasomwa kwanza kama masimulizi ya ajabu, kisha ndipo linapoulizwa swali la maana. Hoja inayotetewa ni kwamba fumbo haliwi na nguvu kuliko ajabu inayolibeba. Pale ambapo ajabu ni dhaifu, msomaji hulifumbua fumbo upesi, akaliweka kando pamoja na kitabu chenyewe.

2.0 Kusita kwa msomaji

Katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, Tzvetan Todorov aliweka kigezo ambacho bado hakijapitwa na wakati. Kwa maoni yake, fantasia hudumu kwa muda ule tu ambao msomaji anasita: je, tukio hili lina maelezo ya kawaida, au kanuni za maumbile zimevunjwa? Akishaamua, ameondoka katika fantasia. Todorov aliongeza kwamba fumbo ni adui wa kusita huko, kwani anayesoma kila tukio kama alama ya jambo jingine hana sababu ya kujiuliza kama tukio lenyewe lilitokea.

Sehemu hii ya pili yafaa sana kwa riwaya ya Kiswahili. Ile ya kwanza inahitaji kurekebishwa. Todorov alijenga kigezo chake juu ya hadithi za Ulaya, hasa za karne ya 19, ambazo wasomaji wake walitarajiwa kuona kuwapo kwa mzuka kuwa jambo la kutiliwa shaka. Msomaji aliyelelewa Pemba, Lamu au Ukerewe si lazima asite hapo. Majini na mizimu amewasikia tangu utotoni wakitajwa pamoja na majirani, na mwito wa paukwa na itiko la pakawa vimemzoeza kuingia katika ulimwengu wa ajabu bila ya kudai ithibati. Kusita kwake kuko mahali pengine. Haulizi kama jini yupo. Anauliza jini anataka nini, na atalipwa nini. Kigezo hiki cha pili, cha nia na malipo, ndicho kinachotumika katika kurasa zinazofuata.

3.0 Adili na Nduguze mbele ya Kusadikika

Kwa kawaida Kusadikika (1951) huwekwa juu ya Adili na Nduguze (1952). Sababu zinaeleweka. Kusadikika ni kitabu cha ujasiri: Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na mawaidha mema, na ambao malipo yao yalikuwa kifungo. Haihitaji juhudi kubwa kuona ni utawala gani uliokuwa ukisemwa Tanganyika ya wakati huo. Ila kama kazi ya ajabu, Kusadikika ina upungufu ambao sifa za maudhui zimeufunika. Nchi inaelea hewani, lakini kuelea huko hakubadilishi mashauri ya baraza wala hoja za mshtaki. Karama angeweza kusimama mbele ya baraza lile lile katika nchi yoyote iliyokaa ardhini. Ni katika mielekeo miwili tu, ule wa mbinguni na ule wa ardhini, ndipo mahali pa nchi hiyo panapoanza kuleta maana katika masimulizi.

Adili na Nduguze ni kitabu kidogo, na wahakiki wengi hukipita haraka kwa kuwa chanzo chake kinajulikana: ni kisa cha gavana wa Basra na ndugu zake katika Alfu Lela Ulela. Ni kweli kwamba Shaaban Robert aliazima. Alichoazima ni ajabu yenye sheria. Adili, liwali wa Janibu, anaonekana usiku akiwapiga mijeledi manyani wawili, kisha akiwalilia. Msomaji analiona tendo kabla ya kuijua sababu yake, kama alivyoliona Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai. Baadaye anafahamu kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili waliomtosa baharini, na kwamba jini Huria, aliyewahi kuokolewa na Adili akiwa katika umbo la nyoka, ndiye aliyewageuza na kuamuru mapigo hayo. Kila kitu hapa kina bei. Wema aliotendewa nyoka unalipwa. Lakini malipo yenyewe yanakuwa adhabu kwa yule yule anayelipwa, maana ni mkono wa Adili unaoushika mjeledi.

Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba "manyani ni ishara ya wivu" amesema kweli, na amekiua kitabu. Wivu hauwezi kukumbatiwa. Manyani hawa wanakumbatiwa, na ndiyo maana usiku ule wa Janibu haumtoki msomaji akilini.

4.0 Fumbo kama maficho

Yawezekana kupinga hoja hii kwa kusema kwamba fumbo halikuwa anasa kwa waandishi hawa. Shaaban Robert aliandika chini ya ukoloni, naye alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Katama Mkangi, mwandishi wa Walenisi (1995), aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980. Watu wa namna hiyo hawakuchagua ajabu kwa ajili ya kuwastarehesha wasomaji.

Pingamizi hili lina uzito, lakini linaiimarisha hoja badala ya kuivunja. Maficho mazuri ni yale yanayoonekana kuwa nyumba. Kama ajabu haisimami kwa miguu yake, basi hata mchunguzi wa serikali ataona kwamba ni pazia. Walenisi inatoa mfano wa hali zote mbili. Sehemu yake ya mwanzo ni miongoni mwa kurasa zinazosisimua zaidi katika riwaya ya Kiswahili: Dzombo amehukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho, naye anapambana kukielewa na kukitawala. Hapo msomaji hana nafasi ya kutafuta alama; anataka kujua kama Dzombo atapona. Baada ya kutua, ajabu inafifia. Jina la nchi ya ugenini likikatwa vipande linajieleza lenyewe, wale ni sisi, na kutoka hapo mgeni anaelezwa, anaonyeshwa, anaelezwa tena. Jamii iliyokamilika ni jambo gumu kulisimulia katika lugha yoyote, kwani isiyo na kasoro haina pia tukio.

Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila inakumbwa na tatizo linalofanana, ingawa kwa ustadi mkubwa zaidi wa lugha. Msimulizi anazunguka mabara akimtafuta P.P., ambaye ni Peter Pan, mtoto asiyekua wa mchezo wa J. M. Barrie wa 1904. Kumchukua mtoto huyo wa hekaya za Kiingereza na kumfanya bwana wa kijiji cha utandawazi ni ubunifu wa hali ya juu: tamaa isiyokomaa yapata sura. Tatizo ni kwamba kila kituo cha safari kina funguo zake mlangoni. Msomaji anaufurahia ujuzi wake mwenyewe wa kufumbua, na hiyo ni furaha tofauti na ile ya kushangaa.

5.0 Kezilahabi: maktaba na ngano

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ndizo riwaya zilizowasumbua wasomaji kuliko zote. Aliyezoea Rosa Mistika (1971) au Gamba la Nyoka (1979), zenye vijiji na watu wanaotambulika, alijikuta katika mji uliozama kimyani, akimfuata paa asiyeshikika. Lawama ya ugumu ilitolewa mapema, nayo haijaisha. Ikumbukwe kwamba tasnifu ya udaktari ya Kezilahabi, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Riwaya hizi mbili zaweza kusomwa kama ukataaji wa makusudi wa mhakiki anayekuja na ufunguo mkononi.

Hata hivyo vitabu hivi viwili havilingani. Katika Nagona ajabu inaegemea maktaba. Wanafikra wa Ulaya wanapoingizwa, msomaji asiyewajua anabaki nje, na anayewajua anaanza kujitahini; kwa vyovyote vile, kushangaa kumekoma. Penye nguvu ni pale paa anapoonekana na kutoweka. Hapo hapahitajiki elimu yoyote ila macho.

Mzingile inaegemea ngano, na kwa sababu hiyo inashika. Kuna kuzaliwa kusikokuwa kwa kawaida, kama kule kwa mashujaa wa hadithi za wazee. Kuna mjumbe anayetumwa kumpelekea mzee Kakulu habari za kifo cha mwanawe. Mwanatheolojia ataona haraka ni baba yupi na mwana yupi. Lakini msomaji wa kawaida anaona jambo la zamani zaidi: tanzia ni lazima ipelekwe, na anayeipeleka hajui itapokewaje. Kila aliyewahi kutumwa na tanzia anaijua njia hiyo. Fumbo la kitheolojia linakuja baadaye, nalo linakuta msomaji amekwisha kuanza safari. Hata uteketevu wa ulimwengu unaofuata unaaminika, kwa kuwa umesimuliwa kwa sauti ile ile ya utulivu iliyosimulia kuzaliwa kule.

6.0 Mgeni mwenye haki ya kuingia

Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed mara nyingi hutajwa pamoja na riwaya za Kezilahabi kama mfano wa uhalisiaajabu. Kwa kigezo cha nia na malipo, yastahili nafasi ya peke yake. K ni mkubwa, tajiri katika nchi iliyokwisha kuoza, na anayemjia ni babu yake mzaa ukoo. Mzuka mwingine wowote ungeweza kufukuzwa. Mganga angeitwa, mlango ungefungwa. Babu hafukuzwi. Katika mila za Waswahili ana haki ya kuingia, ya kukaa, ya kuuliza mjukuu anaishije, na mjukuu hana budi kujibu kwa adabu hata kama anatetemeka. Mwandishi hakuhitaji kuongeza sheria yoyote ya kichawi. Sheria ilikuwapo tayari katika uhusiano wa babu na mjukuu, na msomaji anaijua kabla K hajaikumbuka.

Kwa hiyo swali la Todorov, kama babu yupo kweli au ni ndoto za K, linabaki wazi bila ya kumsumbua mtu. Linalosumbua ni deni. Babu anamtembeza K aione nchi, na kila wanapofika msomaji anapima: je, hiki ndicho alichokuja kukidai, au kuna zaidi? Wanaofasiri kwamba babu ni historia ya Taifa hawajakosea. Ila historia haimwiti mtu kwa jina lake usiku, naye akaitika.