Kuhifadhi Picha za Nyumbani kwa Kompyuta ya Ubao Mmoja

Picha nyingi za jamaa siku hizi hazimo tena katika albamu, bali zimo ndani ya simu. Arusi, mtoto akianza kutembea, uso wa babu ambaye sasa ni marehemu: yote hayo hukaa katika chombo kimoja kiwezacho kuanguka majini au kuibwa sokoni. Picha ya zamani ilipopotea, nyingine iliweza kusafishwa kutokana na filamu yake. Picha ya simu haina filamu. Hapana budi itengenezewe nakala kwa makusudi. Somo hili laonyesha jinsi kazi hiyo ifanywavyo kwa umeme kidogo.

Chombo chenyewe

Kompyuta ya ubao mmoja ni kompyuta kamili ambayo viungo vyake vyote vikuu vimo juu ya ubao mmoja mdogo. Iliyo mashuhuri ni Raspberry Pi, iliyotoka Cambridge, Uingereza, ikaanza kuuzwa mwaka 2012 kwa nia ya kuwapa vijana kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia. Programu za kuiendesha huwekwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Picha zisiwekwe humo, kwa maana kadi huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Ziwekwe katika diski ya nje iliyounganishwa kwa waya.

Hesabu ya nafasi na umeme

Tuseme nyumba ina picha 10,000, na kila picha ina megabaiti 4. Jumla ni megabaiti 40,000, yaani gigabaiti 40. Diski ya gigabaiti 1,000 yatosha mara 25.

Tuseme tena kwamba kompyuta hiyo pamoja na diski yake hutumia wati 6. Kwa siku ni 6 × 24 = wati-saa 144; kwa mwaka ni kilowati-saa 52.56, yaani uniti 53 hivi. Kompyuta ya mezani itumiayo wati 60 ingekula mara kumi ya kiasi hicho.

Hatua za kufuata

1. Mfumo wa Linux uandikwe katika kadi, na neno la siri lililo gumu kukisiwa liwekwe.
2. Diski iunganishwe. Katika Raspberry Pi 4, matundu yote ya USB kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, diski mbili za kuzunguka zaweza kuzidi kiasi hicho, hivyo yafaa ziwe na umeme wao wenyewe.
3. Simu ipeleke picha kwenye kompyuta kwa njia ya mtandao wa nyumbani. Kazi hii haihitaji intaneti.
4. Kompyuta isizimwe kwa kuchomoa waya, bali kwa amri. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili zaweza kuharibika. Penye umeme wa kukatikakatika betri ya akiba yahitajika.

Nakala si kioo

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Kioo huonyesha kilicho mbele yake. Kikiondolewa, nacho hakionyeshi kitu. Programu iliyoagizwa kufananisha diski na simu daima hufanya vivyo hivyo: mtoto akifuta picha kwa bahati mbaya mchana, usiku diski nayo huifuta. Kwa hiyo programu iagizwe kuongeza picha mpya bila kufuta za zamani. Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, hunakili yaliyobadilika tu, wala haifuti kilichokwisha hifadhiwa isipoamriwa.

Tena, diski moja si akiba ya kutosha. Moto au mwizi huchukua simu na diski pamoja. Kanuni itumiwayo na wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Diski ya pili yaweza kuwekwa kwa shangazi na kubadilishwa kila mwezi.

Jaribio

Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Chagua picha 10, uzirudishe kutoka diskini hadi kompyuta nyingine, kisha uzifungue. Halafu kokotoa alama ya SHA-256 ya kila picha na ya nakala yake. Alama hiyo ina tarakimu na herufi 64. Biti moja ikibadilika, alama nzima hubadilika. Alama zikilingana, nakala ni sahihi.

Maswali

1. Nyumba hupiga picha 200 kwa mwezi, kila moja megabaiti 5. Gigabaiti 120 zitatosha kwa miaka mingapi?
2. Kwa nini diski mbili zilizo katika chumba kimoja hazitimizi kanuni iliyotajwa?
3. Eleza tofauti kati ya kioo na nakala kwa kutumia mfano wa daftari la mahudhurio.

Jibu la swali la 1: miaka 10.