IMANI WAKATI WA TUFANI
Somo la Matendo ya Mitume, mlango wa 27

Ndugu wapenzi katika Bwana, sisi tukaao Mafia hatuna haja ya kufundishwa kwamba bahari yatisha. Avukaye kutoka Nyamisati kuja Kilindoni ameyaona mawimbi, na mafundi wa Jibondo waundao vyombo wajua ubao upi utavumilia na upi utapasuka. Kwa hiyo tumeona vema tusome pamoja habari za safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi, kama alivyoiandika Luka, ambaye mwenyewe alikuwamo chomboni. Humo mna nanga na bildi, tanga na usukani, hata baharia mwenyewe akisoma ataona kwamba mwandishi aliyaona mambo hayo kwa macho yake.

Lakini hatusomi ili kujifunza ubaharia. Twasoma kwa sababu katika mlango huu twafundishwa neno ambalo Wakristo wengi hulikosea, nalo ni hili: ahadi ya Mungu haimwondolei mtu kazi yake, bali humpa moyo wa kuifanya.

Tena tunayo sababu iliyo karibu nasi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilipanda nchi kavu hapa kisiwani kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa maonyo siku zilizotangulia, na vyombo vya kuvusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Kwa rehema za Mungu nguvu za upepo zilipungua ulipofika nchi kavu; hata hivyo mvua iliyonyesha upande wa kusini iliharibu barabara ya Kilwa na Lindi. Vimbunga ni nadra kwetu, kwa kuwa tu karibu na ikweta, na huko pepo hizo hazipati nguvu ya kujizungusha. Ila nadra si kamwe: mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na mwezi wa Aprili 1952 kingine kiliupiga mji wa Lindi.

Siku zile za Mei tulisikia maneno ya namna mbili. Wengine walisema, "Lililoandikwa limeandikwa," wakaviacha vyombo vyao majini. Wengine walivivuta vyombo juu, wakayafunga mapaa ya nyumba kwa kamba, lakini kwa hofu kuu, kana kwamba hawana Baba mbinguni. Na tufani ilipokwisha, mvuvi mmoja wa usharika alitujia akatuuliza, "Mimi niliomba, tena niliivuta ngalawa yangu na kuifunga. Mnazi umeiangukia ukaivunja. Jirani yangu hakuomba wala hakufunga, na chombo chake kizima. Basi imani yafaa nini?" Hatukumjibu upesi, maana swali lake ni zito. Na tulitafute jibu katika Neno la Mungu.

1. Onyo lililodharauliwa (mistari ya 9 hadi 15)

Wakati wa kusafiri ulikuwa umekwisha kupita. Paulo aliwaonya kwamba wakiendelea watapata hasara, si ya shehena na merikebu tu, bali ya maisha pia. Lakini akida aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tena bandari ile haikuwa njema kukaa wakati wa baridi, na wengi walitaka kuondoka. Ndipo ukavuma upepo wa kusini, nao ulikuwa mwanana. Kwetu kusi ni upepo wa nguvu, wavuvi huuogopa. Kwao siku ile ulikuwa wa kubembeleza. Wakadhani wamepata walilolitaka, wakang'oa nanga. Mara ukashuka upepo wa tufani uitwao Eurakilo, ukaichukua merikebu.

Angalieni: Paulo, mtu wa imani, ndiye aliyesema, "Tusiondoke." Imani yake haikumfanya kuwa mwenye kujitosa. Naye hakuwa na maneno matupu, maana alikwisha kuvunjikiwa na chombo mara tatu kabla ya safari hii, kama alivyowaandikia Wakorintho (2 Kor. 11, mstari wa 25). Onyo la kweli ni kipawa cha Mungu, hata likiletwa na mfungwa, au na mtumishi wa serikali apimaye mvua na upepo. Alidharauye na kusema kwamba anamtumaini Mungu, huyo hamtumaini Mungu bali anamjaribu. Bwana wetu Yesu alipoambiwa na Shetani ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, alikataa (Mathayo 4, mistari ya 5 hadi 7).

Nchi yetu imelia sana kwa ajili ya jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa la Viktoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapotea. Kivuko kile kiliundwa kuchukua watu 101 tu, nacho kilikuwa kimejazwa kupita kiasi. Tuwalilie waliokufa, tuwafariji waliobaki. Lakini tusimsingizie Mungu. Tukijaza chombo kupita kipimo chake, kisha tukasema juu ya kaburi, "Ni mapenzi ya Mungu," twamtwika yeye mzigo tuliopaswa kuushusha sisi wenyewe bandarini.

2. Ahadi iliyotolewa gizani (mistari ya 18 hadi 26)

Siku nyingi halikuonekana jua wala nyota. Ndugu, hamjui maana yake? Mabaharia wa zamani walishika njia kwa jua na nyota. Vikifichwa, hawajui waendako. Luka aandika kwamba tumaini lote la kuokoka lilikatika. Hasemi kwamba tumaini la wapagani lilikatika na la Wakristo likabaki. Naye alikuwamo miongoni mwao. Basi, mwenzetu akisema siku ya msiba, "Sioni tumaini," tusimkemee upesi kana kwamba ameikana imani.

Katika giza lile malaika wa Mungu alisimama karibu na Paulo usiku, akampa ahadi. Isikieni vema, kwa maana ndani yake mna jibu la mvuvi wetu. Mungu aliahidi kwamba hatapotea hata mtu mmoja. Hakuahidi merikebu. Paulo aliwaambia waziwazi kwamba chombo kitapotea na kwamba hawana budi kutupwa juu ya kisiwa.

Hapa ndipo wengi tukwamapo. Twapenda kuiandika ahadi kwa mkono wetu wenyewe, kisha twamdai Mungu ailipe. Twaomba ngalawa isivunjike, mnazi usianguke, mtoto asiugue. Na kuomba hivyo ni halali, kwa kuwa Baba ametuagiza tuombe. Lakini imani si hirizi ya kufungwa kwenye mlingoti. Hirizi hutafutwa ili chombo kisizame. Imani hushikamana na Mungu, hata chombo kikizama. Alichotuahidi katika Kristo ni kwamba hatatuacha, na kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wake (Warumi 8, mistari ya 38 na 39). Na ahadi hii haikupatikana kwa bei rahisi: aliyeipata kwa ajili yetu hakushushwa msalabani, ingawa walimpigia kelele ashuke.

3. Ahadi iliwapa kazi (mistari ya 27 hadi 38)

Usiku wa 14 mabaharia walihisi kwamba nchi i karibu. Wakatupa bildi, wakapata pima 20. Wakaenda mbele kidogo, wakatupa tena, wakapata pima 15. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kupambazuke. Je, waliacha kutupa nanga kwa kuwa malaika amekwisha kusema? La, hasha. Walitupa nanga, tena nanga nne, kisha wakaomba.

Ndipo mabaharia walipotaka kukimbia. Walishusha mashua, wakijisingizia kwenda kutupa nanga za omo. Paulo akawaambia akida na askari kwamba watu hao wasipokaa merikebuni, wao hawawezi kuokoka. Neno hili ni la ajabu. Mtu aliyesikia kwa malaika kwamba wote wataokoka, ndiye asemaye kwamba bila mabaharia hawataokoka! Je, alikuwa ameanza kushuka moyo? Sivyo. Alijua kwamba Mungu aliyeuahidi mwisho ndiye aliyeziweka na njia za kuufikia. Mikono ya mabaharia ilikuwamo ndani ya ahadi.

Wahenga wetu wa pwani husema, "Jitihada haiondoi kudura." Neno hili ni kweli kwa upande mmoja: hakuna mtu ashindanaye na Mungu kwa bidii yake akashinda. Lakini mvivu akilishika, hulifanya kuwa mto wa kulalia. Hasemi hivyo wakati wa kula. Husema hivyo wakati wa kuvuta chombo. Tena liko kosa la upande wa pili, la mtu aaminiye kamba alizofunga kwa mikono yake. Huyo upepo ukizikata kamba, umekata na imani yake. Mkristo hufunga kamba kwa sababu anaye Baba, si ili apate Baba. Afunga, kisha alala.

Hivyo ndivyo alivyofundisha Dk. Martin Luther. Mwaka wa 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, na chuo kikahamishiwa Jena; Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Mchungaji Johann Hess wa Breslau alikuwa ameulizia kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni, na Luther alimjibu kwa waraka mrefu. Alisema kwamba wenye wajibu, kama wachungaji na watawala, wasiwaache watu wao. Ila mtu asiye na wajibu huo aweza kuondoka bila dhambi. Tena aliwakemea wale waliokataa dawa na kudharau kujilinda wakidai kwamba hiyo ndiyo imani. Mungu ameumba dawa na ametupa akili, asema, tuutunze mwili na tusimwambukize jirani. Hivyo kubaki kwake hakukuwa kujitosa, bali kukaa pale alipowekwa na Mungu.

Kulipokuwa kukikaribia kupambazuka, Paulo aliwasihi watu wale chakula, kwa maana walikuwa hawajala. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akala. Wote 276 wakachangamka. Kisha wakaitupa ngano baharini ili kuipunguzia merikebu uzito. Kula, kushukuru, kupunguza mzigo: hizo ndizo kazi za imani usiku ule. Mara nyingi Mungu hatuagizi makubwa. Atuagiza tumpe uji mgonjwa asiyekula, tukae na mjane asiyelala, tumpeleke mtoto kwa mganga wa hospitali asubuhi, tusingoje jioni.

4. Juu ya vipande vya merikebu (mstari wa 44 na mlango wa 28)

Merikebu ilikwama, na tezi ikavunjwa na mawimbi. Waliojua kuogelea walijitosa; wengine walifika pwani juu ya mbao na vipande vya merikebu. Hivyo ahadi ilitimia, tena ilitimia kwa vipande vya chombo kilichovunjika. Ubao uliopotea kwa mwenye merikebu ukawa wokovu kwa mtu asiyejua kuogelea.

Na watu wa Melita, wasiomjua Kristo bado, waliwaonyesha fadhili zisizo za kawaida. Waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo naye hakukaa kuota moto na kungoja kutunzwa, alikusanya kuni. Sisi Wakristo wa Mafia tu wachache katikati ya ndugu zetu Waislamu. Siku ya tufani hakuna aulizaye moto huu umewashwa na nani. Tuupokee wema wao kwa shukrani, nasi tulete kuni zetu.

Mvuvi wetu tulimjibu kwa mlango huu. Hatukumwambia kwamba ngalawa yake ilivunjika kwa dhambi fulani, wala kwamba atapata nyingine iliyo bora. Hatukupewa ahadi hiyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi sikuachwa." Tukamwambia, "Hukuachwa." Yule jirani ambaye chombo chake kilisalimika amemkaribisha, nao huvua pamoja. Ngalawa mpya haijapatikana. Usharika una kazi hapo, na wasomaji wa somo hili wanayo kazi kama hiyo kila mmoja kwao.

Maswali ya kuulizana darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu Mungu? Toeni mfano wa mahali penu.
2. Mungu alimwahidi Paulo nini, na hakumwahidi nini?
3. Kwa nini Paulo aliwazuia mabaharia wasitoke, naye alikwisha kupewa ahadi?
4. Ni nani usharikani kwenu ambaye chombo chake kimevunjika, na kuni zenu ni zipi?

Bwana na awape moyo wa kufunga kamba, na moyo wa kulala zikikatika. Amina.