Pesa ya Bati Haivaliwi Mkononi

*Mimi ni kijana wa miaka 32, naongoza wapiga mbizi katika kampuni moja hapa Nungwi, Unguja. Nina mke na watoto wawili. Mwezi uliopita, baada ya mbizi, nilikuta ukungu chini ya kioo cha saa yangu. Kesho yake mishale ikasimama. Sasa mgeni wetu mmoja wa kila mwaka anauza Rolex Submariner aliyoivaa miaka mingi. Anataka dola 7,000: nimpe nusu sasa, nusu msimu ukiisha. Akiba ninayo, dola 3,500, niliyoiweka kwa ajili ya kupaua nyumba na kusomea ualimu wa mbizi. Wenzangu wanasema kiongozi mwenye saa ya maana hupata wageni wa maana, tena saa ile haishuki bei. Rafiki mwingine anasema Seiko au Citizen ya dola 300 inatosha, kwani kompyuta ya mbizi si natumia ya ofisi? Mke wangu bado sijamwambia. Nifanye nini?*

*S.H., Nungwi*

Mwanangu S.H., pole kwa saa, na hongera kwa akiba. Kazi za utalii tunazijua: kuna miezi boti hazitoshi, na masika ikiingia wageni wanapotea na mfuko unakonda. Kijana aliyeweza kulaza dola 3,500 katika kazi ya namna hiyo ni kijana anayejua kujinyima, na aliyejinyima muda mrefu hasimangwi akitamani kitu kizuri. Basi sitakusimanga. Tulipime jambo lako taratibu, kisha nitakuambia ninavyoona.

Saa ya mbizi na kazi yake

Wenzako wanaiona Submariner kuwa pambo la matajiri, lakini ilianza kama chombo cha kazi. Rolex waliitengeneza mwaka 1953, mwaka uleule Blancpain walipotoa Fifty Fathoms kwa mahitaji ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, akina Bob Maloubier na Claude Riffaud. Seiko walitoa saa yao ya kwanza ya mbizi mwaka 1965. Zama hizo mpiga mbizi hakuwa na kompyuta. Alikuwa na jedwali, kipima kina na saa, na akikosea dakika zake huko chini, mwili wake ndio uliolipa.

Akili ya saa hizi iko kwenye ile pete inayozunguka kioo. Unapoanza kushuka unailinganisha alama yake na mshale wa dakika, na tangu hapo unasoma muda uliokaa chini bila kupiga hesabu. Pete hiyo inazunguka upande mmoja tu, kwa makusudi. Ikigongwa na ngazi ya boti ikasogea, itakuonyesha kuwa umekaa chini zaidi kuliko ulivyokaa, nawe utatoka majini mapema. Hata ikikosea, inakosea kwa faida yako.

Kuna kipimo cha kimataifa cha saa hizi, ISO 6425. Kinataka saa ihimili angalau mita 100, ipimwe kwa presha inayozidi kwa robo ile iliyoandikwa juu yake, na isomeke gizani kutoka sentimita 25. Seiko Prospex na Citizen Promaster za mbizi za mita 200 zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Submariner ya sasa imeandikwa mita 300. Mbizi za utalii, wewe unajua kuliko mimi, mwisho wake ni mita 40. Mita zote zinazobaki hapo si zako wala za mgeni wako.

Ya bei nafuu inakupa nini

Watu wa saa watakuambia Seiko ya otomatiki haiendi sawasawa. Ni kweli. Mashine inayotumika katika Prospex nyingi za bei nafuu inaruhusiwa kwenda mbele hadi sekunde 45 au kurudi nyuma hadi 35 kwa siku, wakati Rolex ya sasa inaahidi kutozidi sekunde 2. Ukiisoma karatasini, tofauti ni kubwa. Ipeleke majini uione: katika mbizi ya dakika 50, zile sekunde 45 za siku nzima zinakuwa chini ya sekunde 2. Hakuna samaki atakayekungoja kwa hizo.

Citizen ya Eco-Drive inakula mwanga, na jua la Nungwi halinunuliwi. Faida yake kubwa ni kwamba haifunguliwi mgongo mara kwa mara kubadilishwa betri. Kila saa inapofunguliwa na fundi asiye makini, maji yanapewa nafasi.

Lakini tahadhari, maana rahisi nyingine ni ghali. Zipo saa zenye pete na sura ya mbizi ambazo si za mbizi. Seiko 5 Sports za siku hizi ni mfano: nzuri, imara, lakini zimeandikwa mita 100, na kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira hakisokotwi kikakaza. Hizo ni za kuogelea. Ukienda dukani tafuta neno DIVER'S likifuatwa na mita 200, kisha shika kile kifundo ukizungushe kwa vidole vyako uone kama kinajifunga kweli.

Ya fahari nayo ina haki yake

Sitaki kukudanganya kwamba saa zote ni sawa. Submariner mpya ina chuma kizuri, kioo cha safaya kisichochubuka ovyo, mashine inayotembea kama saa 70 ukiivua na kuiweka mezani, na sevisi yake huja baada ya miaka mingi. Ikitunzwa, mwanao ataivaa. Mtu aliyemaliza ya nyumbani kwake akainunua, mimi nitampa mkono wa hongera.

Ila hayo ni maelezo ya saa mpya yenye dhamana. Hiyo ya mgeni wako imevaliwa miaka mingi. Je, mara ya mwisho ilifunguliwa lini, na nani? Oringi zake, ile mipira inayozuia maji, zilibadilishwa? Wewe unashughulika na oringi za mitungi ya hewa kila asubuhi. Unajua mpira ukizeeka hukakamaa, ukapasuka, ukapitisha. Ule ukungu uliouona chini ya kioo haukuletwa na jina la saa. Aghalabu ni oringi iliyochoka, au kifundo kilichosahauliwa bila kukazwa. Yote mawili yanaua Rolex vilevile. Kwa hiyo, siku ya kwanza unayoingia nazo majini, Citizen mpya ya dola 300 ni salama kuliko Submariner kuukuu ambayo haijapimwa presha.

Hatari ninazoziona

Ya kwanza ni deni. Nusu unayo, nusu unategemea msimu. Msimu ukiharibika, mgeni anataka chake na wewe huna. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo utaivua saa kwa haraka, na muuzaji mwenye haraka hapangi bei.

Ya pili ni hiyo habari kwamba haishuki bei. Waulize walionunua saa za fahari kwa watu binafsi mwanzoni mwa 2022, bei zilipokuwa juu kupita kiasi. Miezi michache baadaye zikaanza kuporomoka. Saa inaweza kupanda, inaweza kushuka. Asiyekuwa na akiba nyingine ndiye anayelazimika kuuza siku mbaya.

Ya tatu ni feki. Simtuhumu mgeni wako, huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini hata mtu mwema anaweza kuwa aliuziwa feki bila kujua, na feki za siku hizi zinahitaji fundi hodari afungue mgongo aangalie ndani. Uso peke yake hautoshi, wala sanduku na karatasi.

Ya nne ni matunzo. Sevisi kamili ya saa hiyo moja inaweza kufikia au kuzidi bei ya Seiko mpya ya mbizi. Na fundi mwenye mashine ya kupimia presha hapatikani kila mtaa.

Ya tano ni wewe mwenyewe. Kiongozi wa mbizi hushika ngazi, hubeba mitungi, huvuta watu botini. Ukiwa na dola 7,000 mkononi, nusu yake si yako, macho yako yatakuwa kwenye saa wakati yanatakiwa kuwa kwa wageni. Na usiku barabarani, utatembea ukiificha.

Mgeni anaangalia nini

Hebu tulizungumze hili la wageni wa maana. Mkifika mita 5 mkasimama zile dakika 3 za usalama kabla ya kutoka, mgeni mwoga anakutazama wapi? Anatazama uso wako na vidole vyako. Anataka kuona umemhesabu, umemuuliza hewa yake imebaki ngapi, na hutetereki. Akirudi kwao atawaambia rafiki zake, "Mtafuteni yule kijana, ni mtulivu." Hiyo ndiyo sifa inayoleta wageni. Wapo watakaoitambua Rolex mkononi mwako, ndiyo. Baadhi watakusifu, na baadhi watasita kutoa bakshishi kwa mtu aliyevaa saa kuliko zao. Hilo wenzako hawakukuambia.

Sasa nikaze sauti kidogo

Mwanangu, katika barua yako kuna mambo mawili umeyapita mbiombio, na ndiyo makubwa kuliko saa.

La kwanza ni kompyuta ya ofisi. Kompyuta ya mbizi inakumbuka. Inahesabu kina na muda wa mbizi zote za siku hiyo, ikajua nitrojeni iliyobaki mwilini mwa aliyeivaa. Mwenzako akiivaa asubuhi nawe ukaivaa mchana, inakupigia hesabu ya mwili wa mwenzako. Na ukishuka na hii leo, kesho ile, hakuna inayoujua mwili wako. Unawalinda wageni kwa uangalifu mkubwa, wewe mwenyewe unashuka kwa kubahatisha. Unaniuliza Seiko au Rolex, nami nakuambia: kabla ya zote mbili, nunua kompyuta yako. Za kawaida huanzia kama dola 200. Saa ya mbizi leo ni msaidizi wake, iwapo kompyuta itazimika ukiwa chini.

La pili ni hizo dola 3,500. Umeandika kwa mkono wako kwamba ni za kupaua na za kusomea ualimu. Basi pesa hiyo ina wenyewe. Bati ni la mkeo na watoto. Ada ya ualimu ni ya kesho yako, maana mwalimu ana kazi hata pale kiongozi wa kawaida anapoambiwa akapumzike nyumbani. Ukizivaa mkononi umechukua cha watu, hata kama watu hao ni wa nyumbani kwako na hawatakushtaki. Na kumficha mkeo kunanionyesha kwamba jibu unalijua. Jambo unaloona aibu kulitaja sebuleni, usilisaini hotelini.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba isiyo na bati haitakungoja: kuta zinanyeshewa kila masika. Submariner ipo tangu 1953. Haiishi.

Fanya hivi

Nunua kompyuta ya mbizi iliyo yako peke yako. Nunua Citizen au Seiko ya mita 200 dukani, mpya, yenye dhamana ya maandishi. Zote mbili hazitakula zaidi ya dola 600 hivi. Zinazobaki zirudi kwenye bati na ada, na uziweke mahali ambapo huwezi kuzitoa kwa hamu ya siku moja.

Saa mpya uitunze. Kaza kifundo kabla ya kupanda boti, wala usikiguse ukiwa majini. Ukitoka, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku ukiizungusha pete, ili mchanga usigande chini yake. Usiingie nayo kwenye maji ya moto. Kila mwaka, au kila inapofunguliwa, ipimwe presha.

Ukiwa umepaua, cheti cha ualimu kiko mkononi, na una akiba ya kuvuka masika bila kukopa, basi fungua mfuko mwingine uuite wa saa. Uujaze kidogo kidogo kwa bakshishi. Ukijaa, nenda kanunue Submariner kwa muuzaji anayetambulika, uivae bila kuificha. Na ikitokea mfuko umejaa nawe ukaona kiwanja kinauzwa jirani, utajua mwenyewe la kufanya.

Mgeni mjibu leo, usimweke roho juu. Mwambie: "Bwana, saa yako naipenda, lakini akiba yangu nimeshaiahidi nyumba." Muungwana ataelewa, na mwaka ujao atakuheshimu zaidi. Na mkeo mwambie wewe mwenyewe, jioni hii, kabla hajaisoma hapa.